Kodi moja, vifurushi viwili: mbona alama ya Lubumbashi haifanani na ya Kinshasa?

Swali, nikilifupisha, ni hili:

"Jambo mkubwa. Mimi niko Lubumbashi, Bel-Air, mwenzangu yuko Kinshasa. Tunatengeneza programu ya kuhesabu akiba ya dawa, sehemu kubwa ni Java. Kwa seva za Linux tunatoa tar.gz, kwa kompyuta za Windows tunatoa zip. Mteja mmoja ametuwekea sharti: kila toleo lijengwe na watu wawili, mahali pawili, na alama ya SHA-256 iwe moja, la sivyo hapokei. Komiti, yaani hali ya kodi iliyohifadhiwa kwenye git, ni ile ile. Lakini nikifunga mara mbili mimi mwenyewe napata alama mbili. Nimeweka gzip -n, zangu zikalingana, ya Kinshasa ikakataa. Zip ndiyo imeshindikana kabisa. Nikifungua vifurushi na kulinganisha kwa diff -r, hakuna tofauti hata moja. Tunakosea wapi? Na je, nikiweka saa sifuri kila mahali si nitamaliza?"

Mdogo wangu, aksanti kwa swali, na zaidi kwa kueleza ulichokwisha kujaribu. Wengi huniandikia "haifanyi kazi" wakaishia hapo.

Kwanza weka diff -r pembeni. Haikukudanganya, ila kazi yake ni kulinganisha yaliyoandikwa ndani ya faili, basi. Haiulizi faili iliguswa lini, ni mali ya nani, ina ruhusa gani, wala ni ipi iliyotangulia kuingia kwenye kifurushi. SHA-256 haina ustaarabu huo. Inasoma kifurushi baiti kwa baiti na kukitolea alama yake, kama alama ya kidole, na biti moja ikigeuka alama nzima inageuka. Kwa hiyo vyombo vyako vyote viwili vinasema kweli: yaliyomo ni sawa, mfuko ndio tofauti.

Mteja wako simlaumu. Wewe ni mtoto wa Lubumbashi, unajua mzigo wa madini unavyouzwa: sampuli inagawanywa, sehemu moja inapimwa na maabara ya muuzaji, nyingine na ya mnunuzi, na nyingine inafungwa kwa ajili ya msuluhishi wakikosana. Hakuna anayemwambia mwenzake "niamini tu." Programu ndizo zilizouzwa kwa "niamini tu" miaka mingi. Kodi unaweza kuisoma, lakini kile unachokisakinisha kilijengwa kwenye mashine ya mtu usiyemjua, usiku usioujua. Watu wa Bitcoin na wa Tor Browser walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutaka watu kadhaa wajenge kitu kimoja kisha walinganishe alama, na Debian, watu wa mfumo mmoja wa Linux, wakaanza mwaka 2013 kulifanya hilo kwa mfumo wao wote. Mteja wako anataka maabara mbili. Ni haki yake.

Sasa kifurushi chenyewe. Tar.gz yako ni kama kitunguu: nje gzip, ndani yake tar, ndani ya tar kuna jar (kifurushi cha Java), na jar ni zip iliyobadilishwa jina, ndani yake kuna manifesti (faili ya maelezo ya jar) na faili za class (kodi iliyokwisha kukompailiwa). Saa inaweza kujificha kwenye kila ganda. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kurundika chaguo alizookota hapa na pale bila kujua ganda lipi ndilo lenye ugonjwa. Anza hivi:

```
cmp -l lubum.tar.gz kin.tar.gz | head
gzip -dc lubum.tar.gz | sha256sum
gzip -dc kin.tar.gz | sha256sum
```

Amri mbili za mwisho zinamenya ganda la nje na kupima tar peke yake. Alama zikilingana hapo, tar ni nzima na ugonjwa uko kwenye kubana. Zisipolingana, usiiguse gzip kwanza, tatizo liko chini yake. Amri ya kwanza inakuonyesha baiti zinazotofautiana, ikihesabu kuanzia 1. Ukiona ni baiti ya 5 hadi ya 8 tu, ndugu yangu, umeshampata mwizi.

Kwa nini 5 hadi 8? Muundo wa gzip uliandikwa rasmi mwaka 1996, katika hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 1952, na kichwa chake kina baiti 10. Mbili za kwanza, 1f 8b, ni kitambulisho. Ya tatu ni njia ya kubana, ya nne ni bendera. Kisha zinakuja baiti nne za muhuri wa saa, halafu moja inayodokeza kiwango cha kubana, na ya mwisho inasema mfumo uliotumika. Hii hapa moja niliyotengeneza kwa majaribio:

```
1f 8b 08 00 00 f1 53 65 00 03
```

Soma zile nne za katikati kinyumenyume: 65 53 f1 00. Ukizigeuza kuwa namba ya kawaida unapata 1700000000, yaani sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970. Ni usiku wa tarehe 14 Novemba 2023 kwa saa za UTC. Ikumbuke namba hii, tutaihitaji tukifika kwenye zip.

Ukiandika `gzip app.tar`, gzip inachukua saa ya faili hiyo na jina lake, inaviweka vyote viwili kwenye kichwa. Ukitumia -n, haviwekwi, na baiti nne zinabaki 00 00 00 00, ambazo RFC yenyewe inasema maana yake ni "hakuna saa." Ukipitisha data kwa bomba badala ya kutaja faili, matoleo ya gzip kabla ya 1.10, lililotoka mwaka 2018, yalichukua saa ya wakati huo huo wa kubana. Kuanzia 1.10 yanaweka sifuri. Ndiyo maana mtu mwenye mashine mpya huapa kwamba kwake hakuna tatizo, na mwenye seva ya zamani huapa kinyume. Weka -n daima, usitegemee toleo.

Hapo umeelewa kwa nini zako mbili zililingana. Lakini nina shaka moja, na usikasirike: nadhani hukujenga mara mbili. Ulifunga mara mbili faili zile zile zilizokwisha kujengwa. Ungefuta folda ya target, inakokaa matokeo ya ujenzi, na kukompaili upya, zako mwenyewe zingekataana hata kwa -n, kwa sababu kila jar mpya inazaliwa na saa mpya, na tar inaiandika saa hiyo.

Tar ndiyo inayobeba mzigo mwingi wa ugomvi wenu. Mbele ya kila faili inaandika saa ya mwisho kuguswa, namba na jina la mwenye faili na kundi lake, na ruhusa. Kwako mwenye faili ni wewe, Kinshasa ni mwenzako. Hilo peke yake linatosha kuharibu alama. Na ukichota kodi kwa git, faili zinapewa saa ya kuchotwa, si saa ya kuandikwa, kwa kuwa git haitunzi saa ya kila faili. Mwenzako akichota Jumanne na wewe Jumatatu, tayari ni vifurushi viwili.

Kuna mpangilio pia. Tar huingiza faili kwa utaratibu ambao mfumo wa faili unazitaja, na ext4, mfumo wa faili wa Linux nyingi, huzitaja kwa mpangilio unaotegemea mbegu ya siri ambayo kila diski hupewa ilipoumbwa. Diski mbili, orodha mbili, hata kama majina ni yale yale. Ukitazama kwa `ls` hutaona kitu, maana ls inapanga kwa alfabeti kabla ya kukuonyesha.

Nimewahi kupoteza usiku mzima, taa ya betri pembeni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, nikitafuta tofauti kati ya vifurushi viwili ambavyo saa zake, majina yake na mpangilio wake vilikuwa sawa kabisa. Ilikuwa ni umask, mpangilio wa mashine unaoamua ruhusa za faili mpya. Mashine moja ilikuwa na 022, nyingine 002, kwa hiyo kwenye moja kundi liliruhusiwa kuandika na kwenye nyingine halikuruhusiwa. Herufi moja tu kwenye `tar -tvf`, "w" dhidi ya kistari, nami nilikuwa naipita kwa macho kila mara kwa sababu nilikuwa natafuta saa.

Amri ninayotumia tangu wakati ule ni hii:

```
export SOURCE_DATE_EPOCH=$(git log -1 --format=%ct)
export LC_ALL=C TZ=UTC

tar --sort=name --format=gnu \
    --mtime="@$SOURCE_DATE_EPOCH" \
    --owner=0 --group=0 --numeric-owner \
    --mode='go+u,go-w' \
    -cf - app | gzip -n -9 > app.tar.gz
```

Chaguo la --sort linataka GNU tar 1.28 kwenda juu. La --mode linawapa kundi na wengine ruhusa za mwenye faili, kisha linawanyang'anya ya kuandika, basi umask haina neno tena. Namba 0 kwa mwenye faili na kundi ni desturi tu, mradi nyote mseme ile ile. Mwenzako akiwa na Mac, tar yake si ya GNU na chaguo hizi itazikataa. Asakinishe ya GNU, msitafute njia ya mkato.

Lakini moyo wa amri ile ni mstari wa kwanza, na hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo.

Swali lako la kweli, hata kama hukuliuliza hivyo, ni "saa ipi?" Kifurushi kinataka saa. Watu wengi wanafikiri dawa ni kuifuta. Mimi naona dawa ni kuichagua mara moja, kabla ya kazi kuanza, na kuichagua kutoka mahali ambapo wewe na mwenzako mnapaona sawasawa. Mahali hapo ni komiti. Komiti ile ile ina saa ile ile, iwe imechotwa Lubumbashi, Kinshasa au Kolwezi, leo au baada ya miaka kumi. Saa ya mashine haina sifa hiyo. Nilikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ubao ilikufa, na kila umeme ulipokatika iliamka ikidhani ni mwaka 2009. Programu ya `make` ilikuwa ikilalamika kwamba faili zimetoka siku zijazo. Sasa mwambie mteja wako kwamba toleo lake jipya lilijengwa mwaka 2009.

Jina SOURCE_DATE_EPOCH si langu. Ni makubaliano yaliyotolewa mwaka 2015 na watu wa ujenzi unaorudiwa sawasawa: ukiweka namba hiyo kwenye mazingira, kila chombo kinachojua makubaliano kitatumia saa hiyo badala ya kuangalia ukutani. GCC, kompaila ya C, inaifuata tangu toleo la 7, kwa hiyo kama mna kipande cha C chenye `__DATE__` (tarehe ya kukompaili) ndani yake, nacho kitatulia. Tar haiisomi yenyewe, ndiyo maana tunaipa kwa mkono. Na kwa kuwa ni hesabu ya sekunde tangu 1970 kwa UTC, haina habari na ukanda wa saa.

Zip inayo habari hiyo, na ndiyo iliyowashinda.

Zip ilirithi saa yake kutoka DOS. Haihesabu sekunde tangu siku fulani. Inaandika mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, na sekunde kwa hatua za mbili mbili, na inaandika kama zinavyosomeka kwenye saa ya mahali ulipo, bila kusema ni mahali gani. Kwa nchi yenye ukanda mmoja tatizo hili linaweza kulala miaka. Nchi yetu ina kanda mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, Lubumbashi iko mbili, kama Goma na Bukavu.

Chukua ile namba yetu 1700000000. Faili zenu zote zina sekunde hiyo hiyo moja, mmezilinganisha vizuri kabisa. Mwenzako anafunga zip, inaandikwa 14 Novemba 2023, 23:13:20. Wewe unafunga, inaandikwa 15 Novemba 2023, 00:13:20. Sekunde moja, siku mbili. Kifurushi chako kimeshaingia kesho, cha Kinshasa bado kiko jana, na hakuna aliyekosea. Ungekuwa unashirikiana na mtu wa Goma, zip zenu pengine zingelingana na msingejua kamwe kwamba mnaishi kwa bahati.

Juu ya hilo, programu ya kawaida ya `zip` kwenye Linux huongeza sehemu za ziada: saa kamili za faili kwa UTC, na namba ya mwenye faili na kundi lake. Chaguo -X linaziondoa. Fanya hivi, ndani ya folda yenyewe:

```
rm -f ../app.zip
find . -exec touch -h -d "@$SOURCE_DATE_EPOCH" {} +
find . -type f | LC_ALL=C sort | TZ=UTC zip -X ../app.zip -@
```

Usiiruke ile rm. Zip ikikuta kifurushi cha zamani chenye jina hilo haianzi upya, inakiongezea, na faili mliyoifuta kwenye kodi mwezi uliopita inabaki imekaa humo ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Na LC_ALL=C ni kwa sababu mashine iliyowekwa Kifaransa na iliyowekwa Kiingereza zinaweza kupanga majina tofauti, hasa penye herufi kubwa na vistari. Amri ile haibadili ruhusa za faili, kwa hiyo kwa zip endesha kwanza `chmod -R go+u,go-w .` ili yale ya umask yasikurudie wewe.

Jar ni zip, basi ugonjwa ni ule ule, ila usiifunge kwa mkono. Kwa Maven, weka `project.build.outputTimestamp` kwenye pom.xml, na programu-jalizi zake zikiwa za karibuni zitapanga faili na kuweka saa hiyo. Kwa Gradle, kwenye kazi zote za kufunga, sema `preserveFileTimestamps = false` na `reproducibleFileOrder = true`. Kisha fungua META-INF/MANIFEST.MF kwa macho yako. Mistari kama Built-By na Build-Jdk hubeba jina lako na toleo la JDK, yaani zana za kukompailia Java. Jina lifute. Toleo la JDK mkubaliane, na muwe nalo kweli, kwa sababu kompaila mbili tofauti zinaweza kutoa class tofauti na hapo hakuna chaguo la amri litakalowaokoa.

Baada ya hayo yote inawezekana tar zenu zilingane, na tar.gz bado zikatae. Usishangae. Muundo wa kubana unaeleza namna ya kukunjua, hauamuru namna moja ya kukunja. Wape mama wawili kikwembe kimoja kila mmoja akikunje kiingie kwenye mkoba ule ule: ukikikunjua ni kikwembe kile kile, mikunjo ni tofauti. Gzip ya GNU, pigz, zlib na ndugu zake wanakunja kila mmoja kwa mtindo wake, na kiwango cha 6 si sawa na cha 9.

Hili si la kinadharia. Mwishoni mwa Januari 2023 GitHub walianza kutumia toleo jipya la git, ambalo lilikuwa limeacha kuita programu ya gzip na kutumia zlib yake ya ndani kubana vifurushi vya kodi. Yaliyomo hayakubadilika hata herufi. Alama zilibadilika, na kwa kuwa watu wengi walikuwa wamezihifadhi kwenye miradi yao kana kwamba zimechongwa kwenye jiwe, ujenzi ukaanza kukatika sehemu nyingi za dunia. GitHub wakarudisha ya zamani.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia chombo kimoja cha kubana, toleo moja, kiwango kimoja, nyote wawili, rahisi zaidi ni kujengea ndani ya kontena moja (mazingira ya ujenzi yaliyofungashwa tayari) iliyotajwa kwa alama yake, si kwa jina la "ya mwisho." Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kumwambia mteja kwamba alama rasmi ni ya tar kabla ya kubanwa. Anayepokea anakunjua na kupima:

```
gzip -dc app.tar.gz | sha256sum
```

Hapo mikunjo haina maana tena, kinachopimwa ni kikwembe. Mkija kuhama kutoka gzip kwenda xz au zstd, alama haitikisiki. Ubaya wake ni kwamba mteja anakunjua kitu kabla ya kukithibitisha, na wapo wenye sheria kali za usalama ambao hawatakubali. Muulize. Nisingempangia.

Kuna chombo kinaitwa diffoscope ambacho hufanya kumenya kote huku kwa niaba yako: unampa vifurushi viwili, anashuka ganda kwa ganda hadi kwenye mstari unaotofautiana. Kisakinishe. Kinavuta vitu vingi, kwa hiyo kipakue siku ambayo megabaiti si ghali. Kuna kingine, strip-nondeterminism, kinachopita juu ya kifurushi kilichokamilika na kufuta saa. Debian wanakitumia na kinafanya kazi. Mimi ninakichukulia kama gongo la kutembelea: ukivunjika mguu ni msaada, lakini ukiweza kuponya mguu, ponya. Saa ikishaamuliwa mwanzoni, hakuna cha kufuta mwishoni.

Ngoja niseme na jambo moja ambalo mteja wako anaweza kulitaja, maana watu hulitaja vibaya. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, chombo cha kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kuona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Kipande kilichouwasha kilikuwa ndani ya kifurushi cha kodi kilichotolewa kwa watu, lakini hakikuwemo kwenye hazina ya git. Kama kifurushi kile kingekuwa kinaweza kutengenezwa tena kutoka git na kulinganishwa, tofauti ile ingeonekana. Lakini sehemu nyingine ya sumu ilikuwa imewekwa kwenye git yenyewe, ndani ya faili za majaribio. Kulinganisha alama kungekuonyesha mfuko uliochezewa. Unga ukiwa na sumu tangu kinuni, alama zitalingana vizuri kabisa. Usimwahidi mteja zaidi ya hapo.

Kabla ya kumpigia mwenzako simu, jaribu mwenyewe kumwigiza. Jenga mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili, chota kodi upya kwenye folda yenye jina lingine, futa kila kitu kilichobaki, kisha vuruga mazingira kwa makusudi:

```
umask 002
export TZ=Africa/Kinshasa
./jenga.sh
```

Halafu rudia kwa `umask 022` na `TZ=Africa/Lubumbashi`. Ndiyo, mji wetu una jina lake kwenye orodha ya kanda za saa ambayo kompyuta zote hutumia, na Kinshasa lake. Skripti yenu ikiwa inaweka TZ=UTC yenyewe ndani, hayo hayatabadilisha chochote, na ndicho tunachotaka kukiona. Kama unaweza, jenga pia chini ya mtumiaji mwingine kwenye mashine hiyo hiyo. Alama zikilingana hapo, uwezekano wa Kinshasa kukataa unakuwa mdogo, na ikikataa utajua karibu hakika ni toleo la JDK au la chombo cha kubana.

Na msitumiane vifurushi. Nimeona vijana wanatumiana megabaiti mia mbili kwenda Kinshasa ili tu walinganishe. Alama ya SHA-256 ni tarakimu 64, inaingia kwenye SMS moja na nafasi inabaki. Kila mmoja anajenga kwake, anatuma SMS, mnaangalia. Zikikataana ndipo mmoja atume, na hata hapo atume kwanza matokeo ya `tar -tvf`, ambayo ni maandishi machache na mara nyingi yanatosha kuonyesha kosa.

Lile la saa sifuri. Kwa gzip, sifuri ni halali, ndiyo -n inayofanya. Kwa tar itakubali, na faili zote zitaonekana za mwaka 1970. Kwa zip itakukwamisha, maana saa ya DOS inaanza mwaka 1980. Zipfile ya Python, kwa mfano, inakataa kabisa tarehe ya kabla ya hapo. Ukishikilia namba isiyobadilika, ya chini kabisa ni 315532800, ambayo ni 1 Januari 1980 kwa UTC, na hata hiyo inataka TZ=UTC, kwani mtu aliye magharibi ya Greenwich ataipata ikiwa bado 1979. Lakini chukua saa ya komiti. Mfamasia akifungua folda na kukuta kila faili ni ya mwaka 1980, atakupigia simu saa za kula bukari akisema mmemuuzia programu kuukuu.